Nani Humzuia Nani? Kiunzi cha Seli, Vimeng'enya vya Mafuta na Sentensi Moja ya Kiswahili

Makala haya yametokana na sentensi moja ya mwanafunzi na kosa moja la mwalimu. Katika somo letu la tafsiri hapa Masoro, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alichagua kutafsiri kurasa chache za kitabu cha biolojia ya seli kama zoezi lake la muhula. Kati ya sentensi zake ilikuwemo hii: "Kimeng'enya kinachokizuia kiunzi cha seli huachiliwa pindi seli inapopokea ishara ya kukua." Tuliisoma haraka, tukaiona nzito, tukainyoosha kwa kalamu nyekundu hivi: "Kiunzi cha seli huzuiwa na kimeng'enya mpaka seli inapopokea ishara ya kukua." Tukampunguzia alama mbili za ufasaha.

Siku ya kuwasilisha kazi tulikuwa tumemwalika mwenzetu anayefundisha biolojia. Alimsikiliza mwanafunzi mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Samahani, hapo nani humzuia nani?" Binti yule alitutazama sisi kwanza. Halafu akajibu, "Mwalimu, mimi nilikuwa nimeandika kinyume chake."

Ni kweli. Tafsiri yake ilikuwa sahihi, na sisi ndio tuliogeuza maana. Alama zake mbili tulimrudishia siku hiyo hiyo, lakini swali la mgeni wetu halikutuacha, na katika kulifuatilia tuligundua kwamba wanabiolojia wenyewe waliwahi kulijibu upande mmoja kwanza, na upande wa pili baadaye. Tunaomba tusimulie historia hiyo, tukianzia na sarufi kwa kuwa ndiyo fani yetu.

Itazame tena sentensi ya mwanafunzi. Tunasema "mtoto anayekisoma kitabu", na tunasema pia "kitabu anachokisoma mtoto". Katika mfano wa pili mtenda amekuja nyuma ya kitenzi, wala hakuna anayepotea, kwa sababu kiambishi *a-* ni cha mtoto na *-ki-* ni cha kitabu. Ngeli zinatulinda. Sasa weka nomino mbili za ngeli ya KI-VI: "kimeng'enya kinachokizuia kiunzi". Kiambishi *ki-* cha mwanzo ni cha nani? Chaweza kuwa cha kimeng'enya, na hapo kimeng'enya ndicho kinachozuia. Chaweza pia kuwa cha kiunzi kilichokuja nyuma ya kitenzi, na hapo kimeng'enya ndicho kinachozuiwa. Sarufi inaruhusu yote mawili. Jaribu wingi upande mmoja tu na utata unakwisha: "vimeng'enya kinavyovizuia kiunzi" si sawa na "vimeng'enya vinavyokizuia kiunzi". Ni jambo dogo, lakini tumefundisha virejeshi miaka mingi bila kuwapa wanafunzi mfano wa aina hii, na istilahi za sayansi zimejaa nomino za ngeli hiyo: kiini, kirusi, kimelea, kiumbe, kichocheo, kimeng'enya, kiunzi.

Basi kama sentensi ilikuwa na maana mbili, kwa nini sisi tuliona moja tu? Jibu liko katika neno *kiunzi*. Tuliposikia kiunzi tuliona mifupa, na mifupa kazi yake ni kubeba mwili. Mifupa haitoi amri. Kimeng'enya kwetu ni kitu chenye shughuli, kinachokatakata na kumeng'enya, kwa hiyo tulikipa umbo la mtenda bila kufikiri.

Neno *seli* nalo lina picha yake, na katika mji wetu lina picha mbili. Masoro ni akagari katika tarafa ya Ndera, wilaya ya Gasabo, na akagari huitwa seli kwa wale wanaosema Kiswahili au Kiingereza cha ofisi. Baada ya mabadiliko ya mwaka 2006 Rwanda ilikuwa na seli za namna hiyo 2,148. Mwanafunzi anayetoka shule ya msingi husikia seli akafikiria ofisi ya Katibu Mtendaji kabla hajafikiria darubini. Asili ya neno ni Kilatini, maana yake chumba kidogo, na aliyelileta katika biolojia ni Robert Hooke mwaka 1665, alipotazama gamba la mti kwa darubini na kuona vyumba vitupu vilivyopangana. Kinyarwanda hakikufuata chumba. Seli ya mwili huitwa *akaremangingo*, ambamo mnasikika *kurema*, yaani kuumba, na *ingingo*, kiungo. Hooke aliona chumba kitupu na Kinyarwanda kikaona muumbaji. Kwa habari tunayoisimulia hapa, Kinyarwanda kilikuwa karibu zaidi na ukweli.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ndani ya seli mna majimaji mazito tu yaliyofungwa katika utando. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mrusi Nikolai Koltsov alishikilia kwamba seli isiyo duara lazima iwe na kitu kigumu ndani kinachoishika, na mwaka 1931 Mfaransa Paul Wintrebert akakipa kitu hicho jina linalomaanisha mifupa ya seli. Kumbuka jina lilitangulia. Mwaka 1942, katikati ya vita, Brunó Straub akifanya kazi katika maabara ya Albert Szent-Györgyi mjini Szeged, Hungaria, alitenga kutoka kwenye misuli protini iliyoitwa aktini. Karibu robo karne ilihesabiwa kuwa mali ya misuli peke yake, mpaka mwaka 1966 ambapo Hatano na Oosawa wa Japani waliitoa katika kiumbe telezi kisicho na msuli hata mmoja. Miaka miwili baadaye, mwaka 1968, Mjapani Mohri alipendekeza jina tubulini kwa protini inayojenga mirija midogo ndani ya seli. Ndizo nguzo kubwa za kiunzi: nyuzi za aktini na mirija ya tubulini.

Lakini si mifupa. Mtu aliyewahi kupita kwenye eneo maalumu la viwanda hapa Masoro wakati majengo yanapanda amewaona waashi wakifunga jukwaa la nguzo, wakimaliza ukuta mmoja wanalifungua na kulifunga mahali pengine kwa nguzo zile zile. Kiunzi cha seli ni cha aina hiyo. Chembe za aktini huungana upande mmoja wa uzi na kuachana upande wa pili, na seli nyeupe ya damu inayomkimbiza bakteria hujisukuma kwa kujenga mbele na kubomoa nyuma. Ndiyo maana sisi tunalishikilia neno *kiunzi* kuliko *mifupa ya seli* inayoandikwa na baadhi ya wafasiri. Kiunzi katika Kiswahili ni cha mwili, na ni cha nyumba na cha chombo pia, na fundi anaweza kukifungua.

Tuje kwenye mafuta. Mwaka 1953 wanandoa Mabel na Lowell Hokin walichukua vipande vya kongosho la njiwa, wakavichochea kwa asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kupeleka ujumbe, na wakaweka fosforasi yenye mionzi ili waone inakokwenda. Walikuwa wakitafuta habari za asidi za kiini. Fosforasi ikaonekana kwa wingi mahali ambapo hawakuitarajia, katika mafuta ya utando. Seli ilipopata ujumbe kutoka nje, mafuta yake yalikuwa yakivunjwa na kujengwa upya.

Watu wengi hawakujua la kufanya na habari hiyo. Utando ulihesabiwa kuwa ukuta, na nani anahoji ukuta? Ilichukua miaka 22 mpaka Mwingereza Robert Michell alipoandika mwaka 1975 kwamba kuvunjwa kwa mafuta hayo huenda ndiko kunakoongeza kalsiamu ndani ya seli, na kalsiamu ndiyo huamrisha seli kutoa utomvu, kukaza au kugawanyika. Mwaka 1983 Streb, Irvine, Berridge na Schulz walithibitisha njia yake, wakitumia kongosho tena, safari hii la panya.

Njia yenyewe ni hii, na tunamwomba msomaji wa fasihi atuvumilie aya moja. Katika upande wa ndani wa utando mna mafuta adimu yanayoitwa kwa kifupi PIP2, karibu asilimia 1 tu ya mafuta yenye fosforasi yaliyomo katika utando huo. Kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi C huyakata vipande viwili. Kipande kimoja huyeyuka katika majimaji ya seli na kwenda kufungua ghala la kalsiamu. Cha pili hubaki katika utando na kuamsha kimeng'enya kingine. Vipande hivyo huitwa wajumbe wa pili, kwa kuwa mjumbe wa kwanza, yaani homoni au kemikali ya neva, huishia mlangoni na kamwe haingii ndani. Wazee wetu wangewaita matarishi.

Hapo tuna hadithi mbili, ya kiunzi na ya mafuta, na kila moja ina watu wake, majarida yake na mikutano yake. Zilikutana kwa sababu ya protini ndogo iitwayo profilini. Wasweden Lars Carlsson, Uno Lindberg na wenzao waliieleza mwaka 1977 baada ya kuitoa katika bandama la ndama. Profilini huishika chembe moja ya aktini na kuitunza peke yake, isijiunge na uzi wakati usiofaa. Mwaka 1985 Ingrid Lassing na Lindberg wakaonyesha kwamba PIP2 huishika profilini na kuitenganisha na aktini yake.

Ugunduzi huo ulisomwaje? Ulisomwa vile vile tulivyoisoma sisi sentensi ya mwanafunzi. Ujumbe hutoka nje, mafuta ndiyo ya kwanza kuusikia, kiunzi hutii. Mafuta ni mtenda, kiunzi ni mtendwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1987, Paul Janmey na Thomas Stossel walikuta PIP2 ikiizuia jelisolini, protini inayokata nyuzi za aktini, na hilo nalo liliingia vizuri katika mpangilio ule ule. Hatuwalaumu. Waliyoyaona yalikuwa kweli tupu, na bado ni kweli. Ila yalikuwa nusu.

Nusu ya pili ilitoka Marekani, katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, mwaka 1990. Pascal Goldschmidt-Clermont, Laura Machesky, Joseph Baldassare na Thomas Pollard walijiuliza swali ambalo kwa lugha yetu ni swali la kauli ya kutendwa: kama mafuta yameishika profilini, je, profilini haijayashika mafuta? Na kama imeyashika, kimeng'enya kitayakataje? Walipochanganya PIP2, profilini na fosfolipasi C, kimeng'enya kilishindwa kukata. Profilini ilikuwa imeyafunika mafuta kama mtu aliyeweka kiganja juu ya sarafu. Mwaka uliofuata, 1991, wao na Sue Goo Rhee wakakamilisha sentensi. Fosfolipasi C ya aina ya gama, ikiwa imetulia, haiwezi kuipita profilini. Kipokezi cha ishara ya kukua kinapoamka huitia fosfolipasi hiyo alama ya fosfati, na ikishatiwa alama inapata nguvu ya kuyafikia mafuta yaliyofunikwa. Inayakata, profilini inakosa cha kushika, inaachiliwa, na inarudi kwenye aktini kujenga kiunzi upya mahali pale pale ishara ilipofikia.

Yaani protini ya kiunzi ndiyo mlinda mlango. Seli ambayo haijaitwa haikati mafuta yake ovyo, kwa sababu kiunzi kimeyafunika. Sentensi ya mwanafunzi wetu ilikuwa ikisema hayo hayo, kwa maneno kumi na mawili.

Tusitie chumvi. Majaribio hayo mawili yalifanywa ndani ya vyombo vya maabara, kwa protini zilizosafishwa na matone madogo mno ya mafuta, na ndani ya seli hai mna umati. Lakini mlango ulikwisha kufunguliwa, na mifano ikafuatana. Mwaka 1997 Popova na Rasenick wa Chicago walikuta tubulini ikiigusa fosfolipasi C ya aina ya beta, na ajabu yake ilikuwa kwamba kwa kiasi kidogo iliichochea na kwa kiasi kikubwa iliizuia. Mwaka 2000 na 2001 watafiti wa Korea Kusini walionyesha kwamba alfa-aktinini, na hata aktini yenyewe, huishika na kuizuia fosfolipasi D, kimeng'enya kingine cha mafuta. Jelisolini nayo, ile iliyokuwa mtendwa mwaka 1987, ilikuja kuonekana ikiiathiri fosfolipasi C, mara ikiizuia na mara ikiichochea kulingana na kiasi chake.

Hapo mfasiri anakutana na kitenzi kigumu. Tumezoea kutafsiri kwa *kudhibiti* kila mahali ambapo kitu kimoja kinapanga kazi ya kingine. Katika Kiswahili cha magazeti, kudhibiti ni kazi ya polisi na ya mamlaka ya mapato: kudhibiti magendo, kudhibiti mfumuko wa bei. Daima ni kupunguza. Tubulini inayochochea leo na kuzuia kesho haidhibiti kwa maana hiyo. *Kurekebisha* kungefaa lau kusingekuwa na harufu ya kosa lililotangulia. *Kuratibu* kumekaa kiofisi mno. Sisi tumeelekea kusema *huongoza*, na pale ambapo chanzo kinasema wazi kuzuia au kuchochea, tunasema kuzuia au kuchochea na kuliacha neno la jumla. Wasomaji wenye neno bora waliandikie jarida hili.

*Kimeng'enya* nacho kina deni lake. Ni neno zuri, limeenea katika vitabu vya sayansi vya Kiswahili, na limejengwa juu ya kitenzi ambacho kila mtu anakijua kutoka tumboni mwake. Kwa fosfolipasi linakaa sawasawa, maana kweli inakata. Lakini kuna vimeng'enya ambavyo havimeng'enyi kitu. Kinasi kiitwacho PI3K huichukua PIP2 ile ile na badala ya kuikata huiongezea fosfati moja, ikawa PIP3, na mafuta hayo mapya huwa amri ya seli kukua na kuzaliana. Mwanafunzi akiuliza kimeng'enya kinachoongeza kinammeng'enya nani, mwalimu ajibu tu kwamba jina lilitokana na kazi ya kwanza kujulikana, kama ilivyokuwa kwa aktini na misuli. Tuna kamusi ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia iliyotoka mwaka 1990, mwaka ule ule wa jaribio la profilini, na hatuwezi kuilaumu kwa kutojua yaliyochapishwa baada yake. Ila wanafunzi wetu wanatafsiri leo.

Tulimpa binti yule nafasi ya kufanya zoezi la pili. Hakurudi kwenye profilini. Alisema kwao Nyagatare walipoteza ng'ombe wa maziwa kwa *ikibagarira*, na kwamba mganga wa mifugo aliwaambia ni ugonjwa wa chembe za damu lakini baba yake hakuelewa ni vipi kupe aue ng'ombe kwa kukuza chembe za damu. Alitaka kumwandikia baba yake ukurasa mmoja wa Kiswahili, maana mzee aliishi Tanzania na hukisoma vizuri. Tulimkubalia, tukasoma naye.

Ugonjwa huo katika Kiswahili ni ndigana kali. Jina lake la Kiingereza limetokana na pwani, na pwani yenyewe ni hii yetu. Robert Koch aliviona vimelea vyake katika damu ya ng'ombe akiwa Dar es Salaam mnamo 1897, lakini akadhani ni hatua mojawapo ya ugonjwa mwingine. Baadaye ng'ombe walionunuliwa Afrika Mashariki wakapelekwa kusini, na kuanzia mwaka 1901 na 1902 ugonjwa ukateketeza mifugo ya Rhodesia. Mwaka 1904 Charles Lounsbury alionyesha huko Afrika Kusini kwamba mwenezaji ni kupe wa masikio wa rangi ya kahawia, na mwaka 1907 vimelea vikapewa jina *Theileria* kwa heshima ya Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyeutenganisha ugonjwa huo na mengine.

Kimelea hiki hufanya jambo ambalo vijidudu vichache sana hulifanya. Huingia katika seli nyeupe ya ng'ombe, huutupa utando uliokifunika kikaa uchi katika majimaji ya seli, na mara moja mirija ya tubulini ya ng'ombe hukizunguka. Mwaka 1964, katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya Afrika Mashariki huko Muguga karibu na Nairobi, Hulliger na wenzake walitazama seli zilizoambukizwa zikikua katika chupa. Waliona kwamba seli inapogawanyika kimelea nacho hugawanyika pamoja nayo, kikivutwa pande mbili na mirija ile ile inayovuta kromosomu. Kila seli changa huzaliwa tayari imebeba sehemu yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 juu ya jamaa yake, *Theileria annulata*, ulieleza kwa undani jinsi kimelea kinavyojifunga kwenye mirija hiyo wakati wa kugawanyika.

Kufungwa kwenye mirija hakufai kitu ikiwa seli haigawanyiki. Hapo ndipo mafuta yanapoingia. Mwaka 2000 Baumgartner na wenzake walionyesha kwamba katika seli B zilizogeuzwa na *Theileria parva* kinasi PI3K hufanya kazi bila kupumzika, kana kwamba ishara ya kukua inapigwa mchana na usiku, na kinasi hiyo ikizimwa seli huacha kuzaliana. Seli hizo huwa kama za saratani. Tezi za ng'ombe huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji. Na tofauti na saratani, dawa ya buparvakwoni ikikiua kimelea mapema, seli huacha wazimu wake na mnyama hupona. Mtindo wa chanjo uliokuzwa Muguga katika miaka ya 1970 hutumia vimelea hai pamoja na antibiotiki ya kuwapunguza nguvu, na mpaka leo watu huutaja kwa jina la Muguga.

Kwa nchi iliyoanza kugawa ng'ombe kwa familia maskini mwaka 2006 kupitia mpango wa Girinka, na ambayo imeleta damu nyingi ya kigeni katika mifugo yake, hayo si maneno ya maabara. Ng'ombe wa kigeni na chotara huugua ndigana kwa ukali kuliko wale wa asili waliokua katikati ya kupe.

Ukurasa wa binti ulitufikia wiki mbili baadaye. Aliligawa suala la PI3K katika sentensi tatu fupi, kila moja na mtenda wake mbele. Mafuta aliyaita mafuta. Kinasi aliiita "kimeng'enya kinachoongeza", na tukaona baba yake atalielewa kuliko jina lolote la kamusi. Kisha tukafika katikati ya ukurasa, na hapo aliandika: "Kimelea kinachokibeba kiunzi cha seli hugawanyika pamoja na seli."

Kalamu nyekundu tulikuwa nayo mkononi. Kimelea, kiunzi, *ki-* na *-ki-*: ni mtego ule ule wa mwanzo. Tulimwita, tukamwuliza nani hubeba nani. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, kiunzi ndicho kinachokibeba kimelea. Lakini kimelea ndicho kilichokikamata kwanza, kwa hiyo ni kama vyote viwili."

Tulimshauri aandike "kinabebwa na", kwa ajili ya mzee. Akakubali, ila katika nakala yake ya kuwasilisha darasani aliiacha sentensi ilivyokuwa, na mwenzetu wa biolojia alipoisoma safari hii hakuuliza swali.